Namba ya jumla ya risasi na kadmiamu haikuambii mboga zitafyonza nini

Mleta mada, umeweka majibu ya maabara ya risasi na kadmiamu, metali zenye sumu, kwenye udongo wako, ukauliza mboga zitafyonza kiasi gani. Majibu hayo ni ya jumla: udongo umechemshwa kwenye asidi kali mpaka karibu kila kilichoshikwa humo kikaachia. Mizizi haina meno hayo. Swali lako la mboga zitafyonza kiasi gani linataka kipimo kingine, na hapo ndipo watu wa maabara hawaelewani, maana kila kemikali ya kukamulia udongo, yaani ya kuutoa metali, ina jibu lake.

Wengi watakuelekeza DTPA, kemikali inayokamata metali. Ni njia ya Lindsay na Norvell ya mwaka 1978: gramu 10 za udongo, mililita 20 za kemikali, unatikisa saa 2. Lakini ilibuniwa kupima upungufu wa zinki, chuma, manganizi na shaba kwenye udongo usio na uchachu, si uchafuzi. pH yake (kipimo cha uchachu; chini ya 7 ni mchachu) imeshikiliwa kwenye 7.3, kwa hiyo udongo wako wa pH 5 unapimwa kana kwamba si mchachu. Halafu ina kikomo. DTPA yote iliyomo hushika milimoli 10 tu za metali kwa kilo ya udongo (milimoli huhesabu wingi wa chembe, si uzito). Piga hesabu, zinki miligramu 650 hivi kwa kilo zinaimaliza. Udongo ukiwa umechafuka kwelikweli namba inagota hapo, nawe unadhani umepata jibu.

Mimi hutumia myeyusho wa chumvi ya kalsiamu kloraidi wa 0.01 M (moli 0.01 kwa lita), sehemu 1 ya udongo kwa 10 za myeyusho huo. Ni hafifu, inauacha udongo na pH yake, na kwa kadmiamu na zinki imekuwa ikilingana vizuri na ninachokikuta kwenye majani. Kero yake ni namba ndogo mno, hasa za risasi. AAS ya mwali wa moto, mashine ya kupimia metali, haizioni; tafuta maabara yenye ICP-MS, mashine inayoona viwango vidogo zaidi. Na kila mkupuo wa vipimo uwe na chupa yenye kemikali tu, isiyo na udongo, la sivyo utapima uchafu wa vyombo vyako.

Aseniki, sumu nyingine ya udongoni, ishughulikie peke yake. Chokaa inayotuliza kadmiamu inaweza kuilegeza hiyo.

Mwisho vuna majani yenyewe upime, nusu yameoshwa, nusu hayajaoshwa. Risasi kwenye mboga za majani mara nyingi ni vumbi lililotua juu, haikupita kwenye mizizi. Ndiyo maana kwa risasi ile namba yako ya jumla usiitupe: mtoto anayelamba vidole vyenye udongo hangoji mmea ufyonze.