Usimwage tu, fungua na karteri

Ndugu, umeuliza kama inatosha kumwaga mafuta ya giaboksi ya otomatiki bila kugusa chujio, maana pikapu yako ya dizeli inachelewa kushika gia ukipanda mlima wa Kadutu hapa Bukavu. Hapana, haitoshi. Ukimwaga chini unatoa chini ya nusu, mengine yanabaki ndani ya konvata, kile chombo kinachounganisha injini na giaboksi kwa mafuta. Chujio likiwa limeziba, pampu inakosa mafuta na gia zinateleza hata kama umejaza mapya.

Fungua karteri, lile bakuli la chini ya giaboksi, ufikie chujio, uangalie na sumaku zilizo ndani. Tope laini la kijivu ni kawaida. Ukikuta vipande vya chuma vinavyong'aa, simama hapo hapo, giaboksi yenyewe inaumia. Nusa pia: mafuta mazima mara nyingi ni mekundu, yakiwa meusi na yananuka kuungua, klachi za ndani zimeshaanza kuisha.

Yaliyotoka yapime kwa kidumu, urudishe kiasi hicho hicho, na yawe aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Mimi fundi mmoja aliniwekea ya aina nyingine kwa sababu "yote ni mekundu". Ndani ya wiki gari likaanza kugonga kila likibadilisha gia.

Bolti za karteri zikaze kidogo kidogo kwa kupishana, la sivyo gasketi itavuja. Kama giaboksi ina kijiti cha kupimia mafuta, pima injini ikiwaka, mafuta ya moto, gari mahali tambarare. Hapa Bukavu patafute kwanza hapo pa tambarare!