Omba Faili Kabla ya Ufunguo

Jioni nililipia gari la kifahari la safari ndefu, lililotumika, likiwa limesimama sawasawa. Asubuhi nikalikuta limeinama kona ya mbele kulia, kama ngamia anayejiandaa kupiga magoti. Baadhi ya magari ya aina hii hayakai juu ya springi za chuma, hukaa juu ya mipira iliyojazwa hewa, na mpira wa kona ile ulikuwa unavuja. Muuzaji alijua. Nilipofika kuliangalia nilikuta injini inaunguruma tayari, na mimi nikadhani ni ukarimu. Kumbe kompresa, pampu inayojaza hewa kwenye mipira hiyo, ilikuwa imeshalinyanyua gari kabla sijafika. Kwa kuwa ilikuwa imefanya kazi hiyo miezi mingi bila kupumzika, nayo ikafa wiki mbili baadaye.

Nililipata gari hilo kwa chini ya theluthi ya bei yake lilipokuwa jipya. Nilijiona mjanja kweli.

Waitaliano waliyapa jina gran turismo: magari ya kwenda mbali kwa kasi bila kumchosha dereva. Bentley Continental GT iliyotoka 2003, Aston Martin DB9 ya 2004, Maserati GranTurismo ya 2007, yote ni ya ukoo huo, na yote hupoteza thamani haraka. Sababu haijifichi. Mwenye uwezo wa kuyanunua mapya hataki lililotumika, na anayemudu lililotumika anaogopa matengenezo. Woga huo ndio unaoshusha bei, na sikushauri uudharau. Gari likifika miaka kumi na mbili bei yake inaweza kulingana na ya gari jipya la kawaida la familia, lakini diski zake za breki, tairi zake na pampu zake bado zinauzwa kwa bei ya gari la tajiri. Dukani hakuna anayekuuliza wewe ulilinunua kwa shilingi ngapi.

Kwa hiyo siku hizi nikitaka kujua gari lina thamani gani, tangazo lake lenyewe ndilo ninalolitazama mwisho. Naanza kwa kufuatilia mengine yanayofanana nalo kwa wiki kadhaa. Bei iliyoandikwa ni matumaini ya muuzaji tu. Lililoondoka ndani ya siku tano linakuambia jambo, na lililokaa miezi mitatu huku bei ikipunguzwa mara mbili linakuambia zaidi. Na kufanana si jina pekee. Continental GT yenye injini ya silinda 12 ya lita 6.0 na ile ya silinda 8 ya lita 4.0 iliyokuja 2012 ni manunuzi mawili tofauti kabisa. Kwenye ile ya silinda 12 injini imebanwa mno chini ya boneti, kiasi kwamba kazi kama ya kubadilisha turbo humlazimu fundi kuishusha injini nzima. Hapo saa za fundi hupita bei ya kipuri chenyewe.

Nikishapata bei ya gari safi la aina ileile, naanza kutoa: tairi, breki, sevisi kubwa iliyopitwa na muda, kila nilichokiona kimechoka. Sikadirii kwa kichwa, naomba bei kwa fundi. Kinachobaki ndicho ninachokwenda nacho kwa muuzaji. Mazungumzo huwa mafupi kwa sababu sina la kubishana, nina karatasi. Juu ya hapo naweka kando robo ya bei kwa ajili ya mwaka wa kwanza. Asiyekuwa na robo hiyo atafute gari la bei ya chini zaidi, maana atakayemaliza akiba yote kwenye kununua atabaki na pambo la uani.

Sasa faili. Hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza: nilionyeshwa kijitabu cha sevisi chenye mihuri mizuri nikaridhika. Muhuri haukuambii chochote. Omba ankara. Ankara ina tarehe, kilomita, kipuri kilichofungwa na mara nyingi malalamiko ya mwenye gari kwa maneno yake. Zipange kwa tarehe uone kama kilomita zinapanda bila kurudi nyuma. Kulinganisha namba ya chesisi na ile iliyo kwenye kila karatasi ni kazi ya dakika mbili. Katika faili moja nene, la gari lililong'aa kuliko yote niliyowahi kuona, nilikuta maji ya kupoza injini yameongezwa mara tatu ndani ya mwaka mmoja na hakuna mahali palipoandikwa yalikuwa yanaenda wapi. Uzuri wa mkakasi. Nilirudisha faili, nikashukuru, nikaondoka.

Tena usilewe kilomita chache. Gari lililolala ghalani hukaukiwa na mipira ya kuzuia oili, betri hufa, tairi hukakamaa huku kashata zake zikionekana mpya. Ubavuni mwa tairi tafuta tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mimi ningechagua lililotembea kila wiki na kutunzwa kuliko lililofunikwa shuka.

Siku ya kuliangalia, mwambie muuzaji asiliwashe, na ukifika gusa boneti kabla hujamsalimia vizuri. Kama ni la mipira ya hewa, omba ulitazame tena kesho yake likiwa halijaguswa. Nenda na fundi aliyezoea aina hiyo, mwenye kompyuta yake ya kusoma hitilafu za gari, wala si yule anayependekezwa na muuzaji. Taa ya injini ikiwa imezimwa kwa kufuta hitilafu jana usiku, kompyuta itaonyesha kwamba vipimo ambavyo gari hujifanyia lenyewe bado havijakamilika. Kipimo cha unene wa rangi, cha kubaini palipopakwa rangi upya, kiwe cha kusoma alumini pia, kwani bodi kama ya Jaguar XK ya 2006 ni alumini na sumaku haina la kusema hapo. Halafu endesha hadi injini na giaboksi vipate moto hasa, kama nusu saa, kwa sababu gia zinazoruka mara nyingi hazijifichui gari likiwa la baridi. Bonyeza kila kitufe. Ndiyo, hata cha kukanda mgongo.

Gari nililo nalo sasa nililinunua kwa bei ya juu kuliko mengine sita niliyoyafuatilia. Mwenyewe alinikabidhi ankara za miaka tisa, na mbili kati yake zilikuwa za mipira ya hewa iliyobadilishwa mwaka uliotangulia. Hata hivyo, kila asubuhi nikifungua mlango wa nyumba macho hukimbilia kwanza kona ya mbele kulia.