Lakabu Iwe Moja, na Ikae

Swali la wiki liliuliza: "Je, wanachama wa makundi ya mtandaoni walazimishwe kutumia majina yao halisi?" Jibu langu ni hapana, isipokuwa pale pesa inapohusika. Kwingine kote namtaka mwanachama awe na lakabu moja, yaani jina la kujipa, analotunza na asilolibadilisha kila wiki.

Hapa Tanga jina la kitambulisho lenyewe halitoshi kumtambulisha mtu. Ingia kundi la mtaa wowote wa Makorora au Ngamiani, utawakuta akina Mohamed Ally watatu, na majirani wanawatofautisha kwa majina ambayo mtaa umekwisha kuwapa: fundi, mwenye duka la kona, baba Zuhura. Kisha kuna herufi. Huyu ni Mohamed, yule Muhammad. Huyu Ally, yule Ali. Msimamizi anayedai "jina halisi" bila kusema la hati gani huishia na orodha isiyomsaidia. Wala lakabu haikuletwa na intaneti. Washairi wetu wamezitia chini ya beti zao magazetini tangu enzi za Mambo Leo, lililoanza 1923, na Amiri Sudi Andanenga alijulikana kwa Sauti ya Kiza. Mshairi aliilinda lakabu yake, maana akitunga ovyo ndiyo itakayojibiwa toleo lijalo.

Makundi yanaharibiwa na jina la waja leo waondoka leo. Mtu anaingia Jumatatu kama Simba wa Usambara, anatukana, anatolewa, na Alhamisi anarudi kwa laini nyingine akijiita Mtulivu. Dawa yake ni kanuni za msimamizi: mtu mmoja, lakabu moja, anayetaka kuibadilisha atangaze, kisha kwa siku 30 aandike zote mbili, mpya na ya zamani. Mgeni kwa wiki 2 za kwanza aulize na ajibu, lakini asitume viungo wala matangazo. Tapeli wengi hawana subira ya wiki mbili.

Sasa upande wa simu, ambako watu hujidanganya sana. Kwenye kundi la kawaida la WhatsApp, namba yako inaonekana na wanachama wote, na kundi moja linaweza kubeba watu 1,024. Lile jina lenye alama ya wimbi mbele yake umeliandika mwenyewe, nalo linaonekana tu kwa asiyekuhifadhi. Aliyekuhifadhi anaona jina alilokuandikia yeye. Ndiyo maana lakabu nyingi huvuja kwa skrinishoti: rafiki yako anapiga picha ya mazungumzo na kuirusha kwingine, na juu ya maneno yako limeandikwa "Dada Mwanahawa Barabara ya 12". Anayekujua na anayekaa nawe kundini mwombe akuhifadhi kwa lakabu. Tena, kama laini hiyo imesajiliwa kwa huduma ya pesa, yeyote mwenye namba anaweza kuanza kutuma, akaliona jina la mwenye laini kabla ya kuthibitisha, kisha akaghairi. Hatoi hata shilingi.

Kwa hiyo kundi ambalo watu wanaulizana kuhusu VVU, ndoa, au kupigwa nyumbani lisiwekwe kwenye kundi la kawaida la WhatsApp. Telegram inafaa zaidi, lakini tu ukibadilisha mipangilio. Ingia kwenye sehemu ya faragha, fungua kipengele cha namba ya simu, chagua isionekane na mtu yeyote. Papo hapo kuna swali la pili, nani aweze kukupata kwa namba yako, na wengi huliruka. Chagua wale uliowahifadhi tu. Picha ya profaili iwe tofauti na ya kwingine kote, kwa sababu picha ile ile ya shela na ua sikioni itakutaja bila jina.

Sauti nayo. Ujumbe wa sauti wa sekunde 10 unatosha kumtambulisha mtu kwa shangazi zake wote wa Chumbageni, na nyuma yake zinasikika adhana na kondakta wa daladala akitaja njia yake. Anayeandika kwa lakabu aandike, asiongee. Picha akiituma kama picha ya kawaida, WhatsApp huipunguza na kuondoa taarifa za mahali ilipopigwa. Akiituma kama faili, taarifa hizo zinabaki.

Wapo wanaosema lakabu inamficha mhalifu. Laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa Januari 2020, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Mwenye kutukana kwa lakabu hajajificha kwa polisi. Mhalifu aliyejipanga hutumia laini iliyosajiliwa kwa vidole vya mtu mwingine, kwa hiyo jina "halisi" litakalotokea ni la bibi wa watu asiyejua lolote. Korea Kusini ilijaribu. Mwaka 2007 tovuti kubwa zililazimishwa kuthibitisha utambulisho wa waandishi wa maoni. Mwaka 2011 wadukuzi waliiba taarifa za watumiaji wapatao milioni 35 wa kampuni moja. Mwaka 2012 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria hiyo. Majina yakikusanywa sehemu moja yanawaita wezi.

Kwenye pesa nabadilika kabisa. Kundi la upatu, au la kuagiza changu na pweza kutoka soko la samaki la Deep Sea kwa malipo ya kabla, lisiwe na lakabu isiyo na jina nyuma yake. Mnunuzi alinganishe majina matatu: aliyotaja muuzaji, yaliyotokea kwenye muamala, na yanayojulikana na mwanachama mwingine aliyekwisha kununua kwake. Tofauti ya Ally na Ali isimsumbue. Ukoo tofauti kabisa umsimamishe, hata akiambiwa ni laini ya mke wangu.

Kijumbe wa upatu aweke daftari la karatasi lenye safu nne: lakabu, jina kamili, namba, tarehe ya kuingia. Lishikwe na watu wawili, yeye na mmoja zaidi. Asidai picha ya kitambulisho kwenye kundi, kwa sababu kwenye simu nyingi picha hujihifadhi zenyewe, na kitambulisho chako kitalala kwenye simu za watu usiowajua. Akitaka kukiona, akione ana kwa ana na akirudishe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu anayekusanya taarifa za watu, hata yeye asipojiona mkusanyaji. Kila miezi mitatu apitie namba zilizokaa kimya, maana laini iliyoachwa muda mrefu huuzwa upya, na aliye nayo leo huenda si yule aliyeandikwa. Mwanachama akiondoka na hesabu zake zimekwisha, mstari wake ukatwe kwa wino mpaka usisomeke.

Msomaji, Chumbageni, Tanga