Lugha tatu kwa mpigo, utajuaje kama unasonga mbele?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naongoza watalii hapa Arusha, Kingereza changu kipo vizuri ila mjini hapa kila mtu ana Kingereza, kwa hiyo nimeamua kujifunza Kijerumani, Kifaransa na Kichina vyote kwa pamoja. Kila siku nagusa lugha zote tatu kwenye apu ya simu na apu inanisifia kweli, siku mfululizo hazijakatika, pointi zimejaa. Sasa juzi kati nimepata wageni wa Ujerumani nikataka niwaeleze kitu kidogo tu, nikababaika mpaka nikarudi kwenye Kingereza. Nina daftari la maendeleo pia, lakini kila nikilifungua naona Kichina kiko nyuma sana ya wenzake, nakata tamaa. Napimaje maendeleo ya lugha tatu bila kujidanganya? Na je, Kichina niachane nacho? *Msomaji, Arusha*

JIBU: Marahaba mwanangu. Kichina usiache, ntakwambia kwanini, ila tuanze na hiyo apu. Ile namba ya siku mfululizo inasema umeifungua apu siku ngapi bila kuruka, basi. Haijui kama mgeni akikugeukia kwenye gari akauliza kitu utamjibu. Alafu mazoezi mengi ya kwenye apu yanakuwekea majibu manne hapo chini unagusa moja, kwa hiyo kichwa kinazoea kulitambua neno likiletwa mbele yake, na kule kwenye gari hakuna anayekuletea majibu manne, neno unalitoa mwenyewe kutoka kichwani na unalitoa hapo hapo. Kulitambua neno na kulitoa ni kazi mbili tofauti na kwenye daftari lako lazima zikae sehemu mbili tofauti, ukizichanganya utaona umefika mbali wakati mdomo bado uko mwanzoni.

Ule mfumo wa leveli wa A1 (anayeanza) mpaka C2 (aliyebobea) unaousikia kwenye kozi za Kijerumani na Kifaransa ulitolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, na kizuri chake ni kwamba umejengwa kwa sentensi za "naweza": naweza kujitambulisha, naweza kuuliza njia, naweza kueleza maoni yangu nikatoa na sababu. Na unapima kusikiliza, kusoma, kuongea na kuandika kila kimoja kivyake, mtu anaweza akawa B1 kwa kusikiliza na A2 kwa kuongea na ni kawaida kabisa. Chukua wazo hilo ila sentensi andika za kazi yako mwenyewe. Naweza kumpokea mgeni uwanja wa ndege wa KIA nikamwambia tunatoka saa ngapi na mizigo inakaa wapi. Naweza kumwambia afunge kioo manake nyani wanakuja (pale getini Ngorongoro unawajua wanavyoingia kwenye magari). Naweza kueleza kwanini tembo yule ana pembe moja. Naweza kumwelewa mzee anayelalamika mgongo kwa ajili ya barabara. Andika kama ishirini hivi, pembeni chora safu tatu, moja ya kila lugha, na siku umefanya kitu hicho na mtu wa kweli bila kusaidiwa na bila kurudi kwenye Kingereza unaweka tarehe. Usiweke alama ya vema, weka tarehe, kwa sababu baada ya miezi mitano utataka kujua lini na utaona zile tarehe zinavyosogeleana.

Kitu cha pili nakuomba ukifanye hata kama hivyo vingine vyote utaviacha. Kila mwisho wa mwezi washa kinasa sauti cha simu, uongee dakika tatu kuhusu kreta ya Ngorongoro, bila kusoma popote, Kijerumani kwanza, kesho yake Kifaransa, keshokutwa Kichina. Mada iwe hiyo hiyo kila mwezi. Kina cha mita 600 hivi, ukubwa wa kilomita za mraba 260 hivi, UNESCO waliiweka Ngorongoro kwenye urithi wa dunia mwaka 1979. Nimekuchagulia mada hii makusudi kwa sababu ina namba ndani yake na namba ndo zinazomwumbua mtu. Chukua huo 1979 peke yake. Kwa Kijerumani unasema kumi na tisa mia, alafu tisa inatangulia kabla ya sabini, kwa hiyo mdomo unatakiwa ujue mwisho wa namba kabla haujafika. Kwa Kifaransa sabini na tisa ni sitini na kumi na tisa, unajumlisha huku unaongea. Kwa Kichina unazitaja moja moja tu, moja, tisa, saba, tisa, mwaka, umemaliza. Sikiliza rekodi yako pale kwenye namba utasikia kama umesimama sekunde nne ukavuta pumzi au umepita kama unataja namba yako ya simu, na hilo hakuna apu itakayokuonyesha. Rekodi usizifute. Na ukizisikiliza, ya Kijerumani ya mwezi huu linganisha na ya Kijerumani ya miezi mitatu nyuma, usiilinganishe na ya Kifaransa kamwe.

Hapo ndo tunarudi kwenye Kichina. Marekani wana chuo cha wizara ya mambo ya nje kinachofundisha wanadiplomasia wao lugha, wamefanya hivo miaka mingi na wana makadirio yao: Kifaransa kama wiki 30, Kijerumani wiki 36, Kichina wiki 88, saa za darasani 2,200. (Kiswahili chetu wamekiweka kundi moja na Kijerumani, wiki 36.) Ni hesabu za watu wanaoanzia kwenye Kingereza, wanaosoma kutwa nzima, ila wewe Kingereza unacho kwa hiyo uwiano wake unakuhusu. Sasa kama unakipa Kichina dakika ishirini na Kifaransa dakika ishirini, Kichina lazima kiwe nyuma, kikilingana na Kifaransa ndo ungetakiwa ushangae. Daftari lako linakuvunja moyo kwa sababu limeziweka lugha tatu kwenye foleni moja. Zitenganishe, kila lugha na kurasa zake, ikiwezekana kila lugha na daftari lake.

Na jambo la mwisho kwako, zote tatu usizisukume kwa nguvu sawa. Kwa miezi mitatu chagua moja ya kusukuma, mi ningesema Kijerumani kwa sababu wageni wake unawapata na unaweza kujipima nao, hizo mbili nyingine ziwe za kutunza tu, dakika kumi za kusikiliza na kurudia, lengo lake ni zisipotee. Ukiwa unaongea Kijerumani neno la Kifaransa likaruka mdomoni (litaruka sana mwanzoni, wote wawili bado wachanga kichwani mwako) usijilaumu, liandike na tarehe yake ukurasa wa nyuma. Yakianza kupungua kwenye ule ukurasa ujue lugha zimeanza kupata vyumba vyao, na hicho nacho ni kipimo, tena kwa mtu wa lugha nyingi ni kipimo kizuri kuliko pointi zote za apu.

SWALI: Habari Mwalimu, mimi ni muuguzi hapa Mombasa. Niko B1 ya Kijerumani, naitafuta B2 ili niende Ujerumani kikazi. Kabla ya hapo nimefanya kazi Muscat miaka kadhaa, Kiarabu nilikuwa nakiongea bila shida, sasa nahisi kinapotea kila nikizidisha Kijerumani. Juzi nimefanya jaribio la Kiarabu kwenye intaneti nikapata alama za aibu. Na Kijerumani chenyewe sielewi naendaje, kusoma napata, kuandika naangushwa. Lugha inayorudi nyuma naiandikaje kwenye maendeleo yangu? *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Dada yangu, hilo jaribio la intaneti liweke kando kwanza, kwa sababu karibu yote yanapima Kiarabu sanifu, cha magazeti na taarifa ya habari, na wewe cha kwako ni cha Oman, cha jikoni, sokoni na kwa wagonjwa. Ni kama Mjerumani aliyejifunzia Kiswahili chake stendi ya matatu ukampa mtihani wa ushairi, atafeli na bado anaongea. Pima kile ulichonacho. Huko Muscat huna shoga uliyemwacha? Mpigie simu, au mtumiane sauti, kila baada ya miezi miwili, dakika kumi au kumi na tano, na unachoandika kwenye daftari ni kitu kimoja tu: imechukua muda gani mpaka ulimi ulegee. Mara ya kwanza itaweza kuwa dakika nane za kukwama ndo maneno yaanze kuja.

Nakwambia hivo kwa sababu kuna Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, ndo mtu wa mwanzo kupima kusahau kwa hesabu, kitabu chake kilitoka 1885, na majaribio alijifanyia mwenyewe. Alikuwa anakariri silabi zisizo na maana, anaziacha zisahaulike, alafu anazikariri upya na kupima ameokoa muda kiasi gani kulinganisha na mara ya kwanza. Akaona hata pale unapodhani kitu kimetoka kichwani, kukijifunza tena kunachukua muda mfupi kuliko mwanzo. Kwa hiyo Kiarabu chako usikipime kwa kuuliza "nakumbuka maneno mangapi leo", utalia bure. Kipime kwa jinsi kinavyorudi haraka ukikiita. Kama kinarudi ndani ya dakika kumi kipo salama, endelea na Kijerumani chako kwa amani. Kama mara tatu mfululizo simu inaisha hakijarudi, hapo kiongezee muda wa wiki mbili, sikiliza redio za Oman ukiwa unapika, alafu jaribu tena.

Sasa Kijerumani. Mtihani wa B2 wa Goethe (taasisi ya Kijerumani inayofundisha na kutahini lugha yao) una sehemu nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuongea, na kila sehemu ina alama zake 100 na kufaulu ni 60. Sehemu hizo unaweza kuzifanya moja moja, na ukianguka kuandika unarudia kuandika peke yake. Hilo lenyewe linakwambia daftari lako liweje: usiandike "niko B1 na nusu", andika namba nne. Fanya karatasi za mfano ambazo Goethe wenyewe wamezitoa bure mtandaoni, kwa saa, mlango umefungwa, simu umeiweka mbali, na uandike ulichopata kwa kila sehemu. Ukiwa na kusoma 78 na kuandika 47 unajua kabisa jioni zako ziende wapi, na ni kwenye kuandika hata kama kusoma ndo kunakufurahisha zaidi. Barua zako za mazoezi mpe mtu anayejua azisahihishe, na makosa yaandike kwa aina, mpangilio wa sentensi, jinsia za nomino, tahajia, kwa sababu ukiona mwezi huu makosa ya mpangilio yamepungua na ya jinsia yako pale pale, umepata habari ambayo alama ya jumla isingekupa. Nakuombea sana ufike, wauguzi wetu wanaoenda huko na lugha iliyokaa sawa wanafanya kazi bila hofu, na mgonjwa ndo anafaidi.

SWALI: Mwalimu salaam. Kijana wangu yuko kidato cha tatu, shuleni kwao wanafundisha Kichina na yeye kaongeza Kifaransa kwenye simu. Ananiambia tayari anajua maneno 600 ya Kichina. Mimi sijui hata moja. Naweza kumpima? *Mzazi, Dodoma*

JIBU: Unaweza mama, au baba kama ni baba, na wala hautahitaji kujua Kichina. Hiyo 600 hakuitoa hewani, kwenye mtihani wa HSK, ule wa Wachina wa kupima Kichina cha wageni, wa mfumo ulioanza 2010 leveli ya kwanza ni maneno 150, ya pili 300, ya tatu 600. Mwambie akupe orodha yake yenye Kichina upande mmoja na Kiswahili au Kingereza upande wa pili. Funga macho uchague maneno 30 popote pale, mtajie maana, yeye atamke na aandike. Kila neno hapo linasimama badala ya maneno 20, kwa hiyo akipata 21 anajua kama 420, kwa kuyatoa mwenyewe. Kesho geuza, mwonyeshe herufi aseme maana, namba itakuwa kubwa zaidi na hiyo ndo ya kuyatambua. Zote mbili ziandikwe, na umpongeze kwa zote mbili, 420 kwa mtoto wa kidato cha tatu ni kazi kubwa sana.

Pia ujue kwamba katika mfumo huo mitihani ya HSK leveli ya kwanza na ya pili ni kusikiliza na kusoma tu, kuongea kuna mtihani wake pembeni unaitwa HSKK. Kwa hiyo akikuletea cheti furahi naye, alafu mwombe akuongelee dakika moja.

Yale maneno aliyokosa ayaandike kwenye kadi, atafute maboksi matano ya viatu au hata bahasha. Kuna mwandishi aitwae Sebastian Leitner aliueleza utaratibu huu mwaka 1972 na apu nyingi za kadi zimetokana na wazo hilo hilo: kadi ukiipata inahamia boksi la mbele ambalo linafunguliwa kwa nadra zaidi, ukiikosa inarudi boksi la kwanza la kila siku. Kadi za Kichina ziwe rangi moja na za Kifaransa rangi nyingine, na Jumapili mhesabu pamoja ngapi zimefika boksi la tano.