Mwalimu wa Mawe Anajibu: Tope, Maziwa na Mvua za Kale

Tangu niandike kwamba miaka elfu nane hivi iliyopita mvua zilijaza Ziwa Turkana hadi likamwaga maji yake bonde la Mto Nile, simu yangu haijatulia. Haya hapa machache kati ya mliyoniuliza. Wale walioniletea picha za mawe wakitaka niseme ni almasi, samahani: ni kwatzi.

*Mwalimu, miaka elfu nane iliyopita hakukuwa na kipimamvua wala mtu wa kuandika. Mnajuaje mvua ilinyesha? (Msomaji, Umoja)*

Tunaulizia kwenye tope. Ziwa hulaza tabaka juu ya tabaka, na kila kilichoanguka majini hufunikwa humo: chavua ya miti, mkaa wa moto wa nyika, majivu ya volkano. Tunashindilia bomba refu kwenye sakafu ya ziwa, tunalivuta na tope lake bila kulivuruga, kisha tunalipasua kwa urefu. Likifunguka tu linanuka mayai viza, na mwanafunzi mgeni utamwona anarudi nyuma.

Mimi nahangaika zaidi na diatomu, vijimea vya majini visivyoonekana bila hadubini, vyenye ganda la silika. Ziko aina zinazopenda maji yenye kina yasiyo na chumvi, na ziko zinazovumilia chumvi na magadi. Ukipanda na tabaka ukaona za kwanza zinapungua na za pili zinajaa, jua ziwa lilikuwa linakauka. Kule Kariandusi, karibu na Gilgil, maganda hayo yalirundikana mpaka yakawa mwamba mweupe unaochimbwa hadi leo. Gusa kipande kikavu kwa ncha ya ulimi, kinanasa, maana kimejaa vitundu vinavyonyonya mate. Nimefundisha somo hilo kwa michoro na nimelifundisha kwa ulimi. La ulimi ndilo linalokumbukwa kwenye mtihani.

Umri tunaupata kwa kaboni ya mionzi iliyomo katika mabaki ya viumbe, ila kipimo hicho huishia kama miaka 50,000 nyuma. Kupita hapo tunategemea majivu ya volkano, na Bonde la Ufa halijawahi kukosa volkano.

Mfano wa karibu ni Naivasha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulisoma tope la ziwa hilo kwa miaka 1,100. Ulionyesha ukame mkali kati ya takriban mwaka 1000 na 1270, kisha karne kadhaa za maji mengi zilizokatizwa na vipindi vitatu vya kiangazi kirefu. Vipindi hivyo vinaoana na njaa zinazotajwa katika masimulizi ya wazee wa Afrika Mashariki. Wazee hawakuwa na hadubini, na bado hesabu yao ilisimama.

*Kama tabianchi imebadilika tangu kale, kelele za leo ni za nini? (Mfanyabiashara, Gikomba)*

Swali hili huniuma kidogo, kwa sababu anayeuliza kwa kawaida anadhani utafiti wetu unamuunga mkono.

Ni kweli ilibadilika. Zamani hizo za Turkana lililofurika, Nakuru na Elmenteita zilikuwa ziwa moja, na Sahara ilikuwa na nyasi na viboko. Sababu tunaijua: mhimili wa dunia huyumba polepole, mzunguko mmoja ukichukua zaidi ya miaka 20,000, na wakati ule jua la Juni hadi Agosti liliwaka zaidi upande wa kaskazini mwa dunia na kuvuta mvua za msimu ndani ya bara. Kufikia kama miaka 5,000 iliyopita neema hiyo ilikuwa imekwisha, na watu wakahama au wakabadilisha maisha.

Sasa linganisha. Barafu ya Antaktika imehifadhi hewa ya miaka 800,000, na katika muda wote huo kabla ya viwanda kaboni dioksidi, gesi inayonasa joto, haikupita sana sehemu 300 kwa kila milioni ya hewa. Leo imezidi 420. Mhimili wa dunia hauwezi kufanya hivyo kwa karne moja na nusu. Panda Mlima Kenya ukaone barafu ya Lewis: kati ya 1934 na 2010 ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Kwamba watu walikufa tangu zamani hakumwondolei hatia aliyeshikwa na panga mkononi.

*Nakuru na Baringo zimemeza nyumba na shule. Ni ardhi inazama au ni mvua? (Msomaji, Rongai)*

Zaidi ni mvua, ikisaidiwa na udongo unaosombwa kutoka milima iliyokatwa miti. Maziwa haya hupanda na kushuka. Mvua kubwa za 1961 ziliinua hata Ziwa Victoria. Ndiyo maana mimi nisingenunua kiwanja chenye ganda la konokono wa majini mchangani, hata kama muuzaji ana hatimiliki.

*Binti yangu anataka kusoma jiolojia. Atapata kazi? (Mzazi, Kasarani)*

Visima, barabara, mabwawa, umeme wa mvuke wa ardhini kule Olkaria: kote wanahitajika wanajiolojia, ingawa kazi hazigawiwi getini siku ya mahafali. Utafiti wa tabianchi ya kale hulipa pole pole na hutegemea ufadhili. Mpeleke kwanza Olorgesailie, barabara ya Magadi, akaone shoka za mawe zilizolala pembeni mwa ziwa lililokufa. Akilalamika jua tu, mshauri uhasibu. Akiuliza maji yalikwenda wapi, mwache.

*Nimenunua ploti Syokimau, udongo mweusi. Nijenge tu? (Msomaji, Donholm)*

Bado. Udongo huo hufura masika na kupasuka kiangazi, na ukuta huufuata. Chimba shimo la majaribio, uone mwamba au murramu iko futi ngapi, uondoe udongo mweusi wote chini ya jengo kabla ya kumwaga msingi. Gharama ya lori iweke kwenye bajeti mapema, kwa sababu fundi hataitaja mpaka ameshaanza.