Mhandisi mgeni machimboni, anza na mchorongaji

Chuoni hupangwa mashimo ya baruti kana kwamba mwamba ni kitu kimoja kizima. Mawe ya chokaa ya Tanga hayako hivyo. Mapango ya Amboni yalichongwa na maji ndani ya mawe ya chokaa, na matundu ya namna hiyo, mengine yamejaa udongo mwekundu, unaweza kuyakuta chini ya benchi, yaani ngazi ya mwamba, unayotaka kuilipua. Ujuzi wa kwanza huku, kabla ya programu yoyote ya kompyuta, ni kujua yalipo.

Anayejua ni mchorongaji, yaani anayetoboa mashimo ya baruti kwa mashine. Mwamkie asubuhi, kisha mwombe aandike kwa kila shimo: kina ambapo mashine ilizama ghafla, ambapo upepo wa mashine uliacha kurudisha vumbi, na ambapo vumbi jeupe liligeuka jekundu. Fomu ijazwe palepale shimoni. Ikijazwa jioni kwa kukumbuka, haifai kitu.

Shimo la milimita 89 hubeba takriban kilo 5 za anfo (baruti ya nitrati ya amonia iliyochanganywa na dizeli) kwa mita, kwa hiyo mfuko wa kilo 25 hupanda karibu mita 5. Pima kwa futi yenye uzito kila mfuko unapokwisha. Baruti ikipanda mita 2 tu, imeingia pangoni. Simamisha kazi, mwite mlipuaji mwenye cheti. Kosa linaloua ni kuendelea kumimina mpaka shimo lijae: nguvu hukusanyika mahali pamoja, na mawe huruka kupita eneo mliloondoa watu. Tundu lililojulikana mapema hujazwa kokoto mpaka lipitwe, ndipo baruti iendelee juu yake, na sehemu hiyo ya juu iwe na fataki yake, yaani kilipushi cha kuiwasha.

Mdomo wa shimo uzibwe mita 2 hadi 2.5 kwa kokoto za milimita 10 hivi. Vumbi la kuchoronga halishiki, hutemwa nje.

Masika matundu hushika maji, na anfo huharibika ikilowa. Moshi wa rangi ya chungwa baada ya mlipuko ni dalili yake, nao ni sumu. Asirudi mtu mpaka utawanyike. Kwenye shimo lenye maji tumia emalsheni, baruti inayostahimili maji.

Nakala ya fomu ile wapelekee watu wa maabara ya kiwanda cha saruji kabla ya kulipua. Udongo mwekundu huongeza silika na alumina, na wao ndio watakaopanga mawe hayo yachanganywe na yapi.