Kabla ya kununua mtambo wa kusafisha maji, jueni yanakopotelea

Mkuu, umeuliza kama mgodi wenu ununue mtambo wa kusafisha maji ili mpunguze kuchota mtoni. Nimekaa idara za maji migodini miaka mingi, na jibu langu ni: bado.

Migodi mingi niliyopitia ilikuwa na mita kwenye pampu ya mtoni tu, maana ndiyo anayoikagua mtoa kibali. Ndani ya uzio kila idara ilikuwa na makisio yake, na kwenye vikao kila mmoja aliyatetea ya kwake. Fungeni mita kwenye maji yanayoingia mtambo wa uchenjuaji (unaotenga madini na mawe), yanayotoka na topesumu (tope la mabaki baada ya madini kutolewa) na yanayorudi kutoka bwawa linalohifadhi tope hilo. Kinachopungua kwenye hesabu ndicho kinachovuja, kinachopaa kwa jua au kinachobaki kwenye tope.

Mara nyingi tope ndilo mlaji mkubwa. Topesumu ikitoka na yabisi (mwamba mkavu uliomo) asilimia 50 kwa uzito, kila tani ya mwamba uliosagwa inaondoka na tani nzima ya maji. Mkilikoleza hadi asilimia 65, inaondoka na tani 0.54 tu. Kwa mgodi unaosaga tani 10,000 kwa siku, hizo ni kama mita za ujazo 4,600 za maji zinazobaki kwenye mtambo wa uchenjuaji kila siku. Ni kweli sehemu yake ingerudi kutoka bwawani, ila baada ya jua na ardhi kuchukua fungu lao. Angalizo: mbale (mawe yenye madini) yenye udongo mwingi wa mfinyanzi hugoma kutuama, kwa hiyo pimeni maabara kwanza, na tope zito linataka pampu zenye nguvu zaidi.

Kuna na suala la usalama. Bwawa la topesumu la Brumadinho, Brazil, lilipobomoka Januari 2019 na kuua watu 270, wataalamu waliochunguza walitaja maji mengi ndani ya bwawa na ukosefu wa njia za ndani za kuyatoa.

Mvua nayo msiipuuze. Milimita 50 zikinyesha kwenye hekta 100 ni mita za ujazo 50,000. Chimbeni mifereji ya kuyakinga maji hayo upande wa juu wa mgodi kabla hayajagusa marundo ya mawe taka, hasa yenye pairaiti (madini ya chuma na salfa), kwani yakishageuka tindikali mtayasafisha miaka mingi.

Ila msirudishe maji kwenye uchenjuaji kiholela. Kila mzunguko chumvi na kemikali huongezeka, na kama mnatenga madini kwa povu, watu wa uchenjuaji watakuja kulalamika kuwa madini yanapotea. Gaweni maji kwa kazi: kusagia mbale hakuhitaji maji safi, lakini sili za pampu (vizibo vya kuzuia kuvuja) na kuchanganyia kemikali kunayahitaji. Mtambo wa kusafisha, kama bado utahitajika, upimwe kwa matumizi hayo machache.

Mkipata takwimu za masika na kiangazi ziwekeni hapa, tuzipitie pamoja.